Kupiga Picha za Samaki Ukweni

Safari hii ilitokana na sikio la mtu mwingine. Mzungu tuliyemwita Profesa, mtaalamu wa samaki katika kituo cha utafiti nilikofanya kazi hapa Bukavu, alikuwa amejitayarisha kwa muda mrefu kwenda Ziwa Tanganyika kupiga picha chini ya maji. Siku chache kabla ya kuondoka, sikio lake likaanza kutoa usaha, na daktari akamkataza kabisa kuingiza kichwa majini. Katika kituo kizima, aliyebaki anayejua kuogelea na anayejua kutumia ile aparei ya picha alikuwa mimi, Nsimire, mwanamke wa maabara ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa kubandika majina kwenye chupa.

Ndani ya chupa zile mlikuwa na samaki wa Tanganyika. Walipovuliwa walikuwa na rangi; baada ya kulala katika alkoli, wote walikuwa wamefanana, rangi ya chai ya maziwa iliyopoa. Profesa alitaka watu wawaone wakiwa hai, mahali wanapokaa, kati ya mawe ya pwani. Alikuwa amenifundisha aparei ile hapa hapa, kwenye gati la kituo, katika maji ya Kivu: jinsi ya kupaka mafuta kwenye mpira unaozuia maji, jinsi ya kusogea polepole, jinsi ya kubana pumzi na kungoja. Kuogelea hakunifundisha. Baba yangu alikuwa zamu, yaani mlinzi, wa villa moja kule Muhumba, ua wetu ulikuwa unaishia ziwani, nasi watoto wa zamu tuliingia maji kabla ya kuingia shule.

Shida ilikuwa mahali. Mawe aliyoyachagua Profesa yako mbele kidogo ya Makobola, kusini ya Uvira, na kijiji kilicho karibu nayo ni kijiji cha wazazi wa mume wangu.

"Sitwayene Nsimire," mkurugenzi aliniambia, akiniita mwananchi kama ilivyokuwa desturi ya Zaïre, akiwa ndani ya abakosi yake, ile suti isiyo na tai, iliyopigwa pasi, "bakwe bako si banakaa kule? Njo vizuri. Utalala kwenu."

Yeye aliona vizuri. Mimi nilirudi kwenye chupa zangu, nikabandika jina moja mara mbili. Baba wa mume, kwetu na kwao, humpi mkono. Huli mbele yake. Mkikutana njiani unatoka kando, unatazama chini, naye anatazama upande mwingine. Nami nilikuwa nakwenda kuvua nguo karibu na mlango wake. Miaka ile ya Zaïre hata suruali ilikuwa imekatazwa kwa mwanamke. Askari angeweza kukusimamisha barabarani kwa ajili yake. Na nguo zangu za kuzamia zilikuwa singilendi na kaputula ya kuchezea mpira ya mume wangu.

Jioni nilimweleza Wilondja, mume wangu, ambaye ni mwalimu wa shule. Alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi. Hakukasirika. Alifunika kalamu yake, akafikiri kwanza.

"Kazi ni kazi, fanya," akasema. "Lakini papa asikuone."

Siku ya kuondoka, kabla jua halijapanda, gari la kituo, jipu la zamani, lilinichukua nyumbani pamoja na kasha la aparei. Dereva alikuwa Papa Balola, mtu wa maneno mengi, na mpaka Nyangezi alikuwa amekwisha kunisimulia ndoa za watoto wake wote. Kwenye mteremko wa Ngomo tulisimama kwanza kungoja malori yaliyokuwa yanapanda, kwa sababu njia ile haitoshi magari mawili. Halafu tukaanza kushuka, kona baada ya kona, ukuta wa mlima upande mmoja na hewa tupu upande wa pili. Ndipo joto la bondeni likatupanda miguuni. Mtu wa Bukavu analisikia kama anafunguliwa mlango wa jikoni. Nilivua sweta, nikaliweka magotini, nikafikiri: hivi ndivyo ninavyoanza kuvua.

Luberizi tulisimama kununua mchele, maana huendi ukweni mikono mitupu. Ulikuwa wakati wa kuanika. Mpunga ulikuwa umetandazwa kwenye mikeka kando ya barabara, na kuku walikuwa wanafukuzwa kila wakati. Mama aliyenipimia mchele alilitazama kasha kwenye jipu.

"Mule muko nini?"

"Masini ya kupiga samaki picha," Papa Balola akamjibu kabla sijafungua kinywa.

"Mu mayi?" Alitaka kujua kama ni majini kweli.

"Mu mayi."

Yule mama aliendelea kupima, bila kucheka. "Na ye samaki anakubali?" akauliza.

Papa Balola alicheka mpaka Sange. Mimi nilijaribu kucheka, lakini nilikuwa nimebaki na swali lake, maana hata mimi sikuwa nimekubali.

Uvira tulipita mchana, ziwa likiwa upande wa kushoto na milima upande wa kulia, karibu sana, kana kwamba milima inasukuma mji majini. Tulipofika kijijini, mbele ya Makobola, jua lilikuwa bado juu. Mama mkwe alitoka jikoni akipangusa mikono, akanikumbatia, akachukua mchele. Papa Balola alishusha vitu, akanywa maji, akageuza jipu kwenda Uvira kulala kwa ndugu yake. Angerudi kunichukua kazi ikiisha.

Baba mkwe, Muzee Asukulu, alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, akishona wavu. Niliuona mgongo wake tu, mpana, na kichwa cheupe. Hakugeuka.

"Uulize muke wa mutoto," alimwambia mkewe kwa sauti ya kunifikia, "kama barabara ilimupatia taabu."

"Mumuambie Papa tulifika salama," nikajibu, na mama mkwe, aliyesimama kati yetu, hakuhitaji kurudia. Ndivyo tulivyokuwa tunasalimiana tangu ndoa yangu, na nilikuwa nimezoea. Kulikuwa hata na utamu ndani yake, kusalimiwa kwa uangalifu hivyo na mtu mzima.

Jambo lililonisumbua ni kwamba sikumweleza mama mkwe yote. Nilisema nimetumwa kupiga picha za samaki. Alidhani ni samaki wa kwenye kikapu, akaahidi kunitafutia wazuri asubuhi sokoni. Niliitikia, nikala ugali wake.

Aliyejua ni wifi yangu Riziki peke yake, dada mkubwa wa Wilondja, mjane aliyekuwa anauza ndagala, wale samaki wadogo wa kukausha. Riziki alikuwa anapiga kasia kama mwanaume yeyote wa pale. Nilimvuta kando nikamwonyesha kaputula. Aliishika kwa vidole viwili.

"Hii njo utavaa?"

"Hii njo."

"Basi tutaenda nyuma ya mawe makubwa," akasema. "Kule banaume habapitaka mchana. Na kitenge yako itabaki kwangu mu mutumbwi. Ukitoka mu mayi, unavaa kwanza, halafu unapumua."

Asubuhi ya kwanza tulipiga kasia mpaka kwenye mawe. Ni mawe makubwa yaliyoporomoka kutoka mlimani zamani, mengine yamesimama nje ya maji, mengi yamelala chini, na maji ni meupe kiasi kwamba mtumbwi unaonekana kama umening'inia hewani. Nilivaa miwani ya maji, nikampa Riziki kitenge bila kumtazama usoni, nikazama.

Sijui niwaelezeje ninyi mnaokaa huku juu. Kwa miaka nilikuwa nimeandika majina ya viumbe hawa kwenye karatasi za chupa, na sikuwa nawajua. Yule niliyemwandika mara nyingi kuliko wote, mweupe-mchafu wa kwenye alkoli, alikuwa na mistari ya buluu shavuni na mkia wa manjano. Walikuwa wanafukuzana, wanafagia mchanga kwa mapezi, wanagombania mlango wa pango lisilozidi ukubwa wa kikombe. Nilipanda kupumua, nikashuka, nikapanda. Nikamwona samaki mmoja mwenye kidevu kilichovimba. Alifungua kinywa na watoto wakatoka kama moshi, wakaenea mbele yake wakidonoa jiwe. Nilipomsogelea alirudi nyuma kidogo, wakaingia tena kinywani wote, akafunga. Nilipiga picha nikiwa sina tena pumzi kifuani.

Mle chini sikuwa na aibu. Nilisema ukweli huu kwa Riziki nilipopanda mtumbwini na kujifunga kitenge, naye akanijibu kwamba mle chini hakuna wakwe.

Siku ya pili asubuhi ziwa lilikuwa limetulia, na Riziki alikuwa na kazi zake. Aliniacha kwenye mawe akaenda kwenye ghuba ya jirani kuwalipa wavuvi kwa ajili ya ndagala aliowaagiza, alisema hatakawia. Niliendelea kuzama. Nilipochoka nikapanda kwenye jiwe moja lililo nje ya maji, mbali kidogo na pwani, nikaketi juani, aparei shingoni. Ndipo upepo wa kusini ukaanza. Kwa muda mfupi tu ziwa lilibadilika rangi, mawimbi yakaanza kupiga jiwe na kunirushia maji kifuani. Riziki hakuonekana. Kitenge changu kilikuwa kwake. Pwani haikuwa mbali, lakini kati yangu na pwani mawimbi yalikuwa yanapasuka juu ya mawe, na kuogelea pale na aparei ya kituo shingoni kungekuwa kuivunja, na pengine kujivunja mimi.

Baadaye nilikuja kujua kilichotokea. Riziki alijaribu kurudi, upepo ukamrudisha. Akaacha mtumbwi, akakimbia kwa miguu mpaka kijijini akilia kwamba muke wa Wilondja yuko ziwani peke yake. Wanaume wengi walikuwa wamekwenda soko la Makobola. Mwenye mtumbwi na mikono alikuwa mmoja, Muzee Asukulu. Hakuuliza nilikuwa nafanya nini ziwani. Aliweka wavu chini akaenda.

Mimi niliona mtumbwi unakuja, nikasimama na kupunga mkono kwa furaha. Halafu nikakiona kichwa cheupe.

Niliketi chini. Nikajikunja, magoti kifuani, mikono juu ya magoti, kama mtoto anayesikia baridi. Hapakuwa na mahali pa kujificha. Jiwe lile halikuzidi meza. Nilitamani wimbi linifute pale. Yeye naye aliniona, na alipotambua jinsi nilivyovaa, aligeuka. Aligeuka kabisa mtumbwini, akanipa mgongo, na akaanza kurudisha mtumbwi kinyumenyume kuelekea kwangu, katika mawimbi yale, bila kutazama anakokwenda.

"Papa, mawe," nilisema. Upepo ulibeba sauti. Nikapaza: "Papa, nyuma yenu, mawe."

Hakugeuka. Mtumbwi ulipanda juu ya wimbi, ukashukia jiwe lililokuwa chini ya maji, ukalala ubavu. Akamwagika pamoja na kasia.

Nilidhani ataibuka mara moja. Nilikuwa nimesikia kutoka kwa Wilondja jinsi baba yake alivyokuwa anavuka ghuba ile kwa mikono. Aliibuka, akameza maji, akazama tena, kama mtu asiyejua kitu. Niliruka jinsi nilivyo, aparei bado shingoni. Miwani ya maji ilibaki juu ya jiwe, kwa hiyo chini sikuona ila ukungu na kitu cheusi kinachojipindua. Nilikwenda pale kwenye weusi, nikapita nyuma yake, nikamkamata. Nilimkamata baba wa mume wangu kwapani na kifuani, kwa mikono miwili, nikamvuta mpaka kwenye jiwe, nikamsukuma juu kwa bega langu. Alikohoa maji mengi. Mtumbwi wake ulikuwa umekwenda.

Alipoweza kukaa, alikaa akinipa mgongo. Nami nikampa wangu. Jiwe lilikuwa dogo, migongo yetu ilikuwa karibu kugusana, na kila mmoja alijivuta mbele mpaka ukingoni ili isigusane. Tulikaa hivyo muda mrefu. Nililia bila sauti, kwa sababu kulia kwa sauti mbele yake nako kungekuwa kosa.

"Mayi," nikasikia anayaambia maji. Uso wake ulikuwa upande wa ng'ambo, Burundi. "Uulize ule muntu iko nyuma yangu kama aliumia."

Sikujua nimjibu nani. Mwisho nikaliambia jiwe: "Jiwe, umuambie Papa sikuumia. Na ye?"

"Bega tu."

Mawimbi yalipiga. Baada ya muda akauliza tena maji: "Ule muntu alikuwa anatafuta nini huku chini?"

"Samaki, Papa," nikasema, nikisahau. Akanyamaza mpaka niliporekebisha: "Jiwe, umuambie Papa nilikuwa natafuta samaki. Si kubavua. Kubapiga picha tu, bantu babaone vile beko."

Nadhani nilizidisha maneno kwa sababu kunyamaza kulikuwa kunaniumiza. Nililisimulia jiwe habari za yule samaki mwenye watoto kinywani.

"Ule tunamujua," muzee akayaambia maji. "Ukimutoa ku wavu, anatapika batoto. Banasemaka anakula batoto yake."

"Hakuli. Anabaficha. Nilimuona anabafungulia, banaenda kula inje. Nilipokaribia, banarudia mu kinywa."

Alipangusa uso kwa kiganja. Halafu akasema, si kwa maji wala kwangu, "Hakuli. Na tulimusingizia miaka yote hii."

Mchana upepo ulipungua, na mtumbwi mkubwa ulikuja na wanaume waliorudi sokoni, Riziki akiwa mbele. Walituona kutoka mbali: muzee na muke wa mutoto wake, mgongo kwa mgongo juu ya jiwe moja, mmoja na kaputula. Waliacha kuongea. Riziki alinirushia kitenge kabla mtumbwi haujafika, kikaanguka majini, nikajifunga hivyo hivyo kikiwa kinatiririka. Njia nzima ya kurudi hakuna aliyesema neno isipokuwa mmoja, mtu wa rika la muzee, aliyeuliza kwa mshangao wa kweli: "Asukulu, wewe mwenye unavuka ghuba, leo njo unavutwa?"

Muzee akaendelea kutazama Burundi.

Nyumbani mama mkwe alinipeleka nyuma ya jiko, akanimwagia maji ya moto, akanisugua mgongo yeye mwenyewe. Halafu akauliza.

"Ulimushika?"

"Nilimushika, Mama."

"Kwa wapi?"

"Kwapani. Na kifuani."

Alimwaga maji mengine. "Na ye alikuona?"

"Sijui, Mama."

Akanifunika kwa kitenge kikavu. Jioni ile Muzee Asukulu alichukua mkeka wake akaenda kulala kwa mdogo wake, na siku zilizobaki hakurudi nyumbani kwake. Nilielewa kwamba nimemfukuza mtu kwenye nyumba yake. Nikasikia pia, kupitia ukuta wa majani, jinsi watu walivyokuwa wanaongea: kwamba muzee ameisha, kwamba maji yamemshinda, kwamba sasa anaokolewa na mwanamke wa mjini. Walikuwa wanacheka, si kwa ubaya.

Asubuhi nilifunga vitu vyangu. Nilimwambia mama mkwe kwamba nitakwenda kungojea jipu Uvira.

"Ile kazi iliisha?" akauliza.

"Bado, Mama. Filimu iko nusu."

"Aibu tulikwisha kuipata," akasema. "Ukirudia bila picha, tuliipata bure."

Akavua kandambili zake, akaingia mtumbwini pamoja na Riziki. Siku ile na iliyofuata nilizama, na kila nilipopanda juu niliwakuta wawili wale wamesimama mtumbwini na kitenge kimetandazwa kati yao kama ukuta, mama mkwe akitazama pwani kwa ukali, ingawa pwani hapakuwa na mtu.

Siku ya kurudi, Papa Balola alifika asubuhi. Mama mkwe alinifungia samaki wa kukausha. Nilitazama upande wa nyumba ya mdogo wa muzee. Mlango ulikuwa umefungwa. Hakunitumia salamu kupitia mtu yeyote. Niliichukua kama hasira, na niliona anayo haki. Kutoka Makobola hadi Ngomo, Papa Balola, mtu yule wa maneno mengi, hakunitania hata mara moja, na kwa hilo nilijua kwamba habari zilikuwa zimefika Uvira kabla yangu.

Bukavu zilikuwa zimefika pia. Wilondja alinipokea vizuri, akanibebea kasha, akauliza habari za mama yake. Habari za baba yake hakuuliza. Tuliishi miezi hivyo, kwa adabu, kama watu waliopanga nyumba moja. Shuleni, nilikuja kujua, wenzake walikuwa wamemwuliza kama ni kweli kwamba mkewe amemwogesha baba yake.

Filimu zilikuwa zimepelekwa Ulaya kusafishwa. Zilipofika, Profesa alitundika shuka ukumbini la kurushia picha, wakaalikwa watu, nasi tukaona samaki wakubwa kama milango, buluu na manjano, na yule samaki mama na watoto wake mbele ya kinywa. Watu walipiga makofi. Mkurugenzi alinisimamisha. Nilisimama nikitazama chini, na walidhani ni unyenyekevu.

Baada ya watu kutoka, Profesa alinivuta kando kwenye kolido, nje ya ukumbi, akanipa picha moja ndogo ya kioo, ya kutazamwa kwenye mwanga, aliyokuwa ameitoa kwenye kundi kabla ya kuonyesha.

"Hii sikuielewa," akasema. "Nadhani ulibonyeza bila kujua. Huyu ni nani?"

Niliiinua dirishani. Alikuwa Muzee Asukulu, chini ya maji, akinielekea, katika ile dakika ninayoikumbuka kama ukungu mtupu. Mapovu yalikuwa yanamtoka puani. Mkono wake wa kulia ulikuwa unachota maji. Wa kushoto alikuwa ameubandika usoni, kiganja juu ya macho, vidole vimebanwa.

Nilikwenda nayo nyumbani. Nilimpa Wilondja nikamwonyesha dirisha. Aliishika kwenye mwanga kwa muda mrefu. Halafu akakaa kwenye kiti.

"Bega haikukuwa kitu," akasema. "Papa anajua mayi kupita sisi wote. Angetumia mikono yote mbili, angefika ku jiwe mbele yako."

"Tuitume kwa Mama?" nikamwuliza. "Bantu bajue."

"Apana." Alinirudishia picha kwa uangalifu, akiishika pembeni. "Kama aliona ni vema bamuseme mayi ilimushinda, mimi ni nani wa kusema ingine? Ukibaonyesha ile, ni kumuvula nguo mbele ya kijiji."

Usiku ule ndipo tulipoanza tena kuongea kama mume na mke.

Watu wengi wameniuliza nilijifunza nini Tanganyika, na huwajibu kuhusu samaki, kwa sababu hayo yanaelezeka. Haya mengine nayaandika kwa mara ya kwanza, sasa ambapo hayawezi kumwumiza yeyote. Nilidhani aibu ya siku ile ilikuwa yangu peke yangu, na kwamba mzee alinigeuzia mgongo kwa kunichukia. Kumbe alikuwa ameibeba sehemu iliyo nzito, na karibu imzamishe.

Likizo iliyofuata tulikwenda kijijini wote wawili. Nilipokuwa napita pwani na ndoo, wanaume walikuwa wameketi kwenye mitumbwi, muzee akiwa kati yao, na wale wa rika lake walikuwa bado wanamtania kuhusu kuogelea. Alikuwa anacheka pamoja nao na kushona wavu. Aliponiona akageuza uso upande wa ziwa. Nilikuwa na neno moja ambalo lingewanyamazisha wote. Nikatoka kando ya njia, nikatazama chini, nikanyamaza pamoja naye.